Kufuata njia ya Stanley kwa mtumbwi, kutoka Nyangwe hadi Boma: jibu kwa msomaji wa Kigoma

Msomaji mmoja wa Kigoma ameuliza hivi: yeye na wenzake watatu, wote wazoefu wa kupiga makafi katika Ziwa Tanganyika, wanakusudia kufuata njia aliyopita Henry Morton Stanley mwaka 1876 na 1877, kuanzia Nyangwe hadi Boma, kwa mtumbwi mmoja usio na injini. Anataka kujua kama jambo hilo linawezekana leo, wachukue mtumbwi wa aina gani, waondoke mwezi gani, kama kuna mahali itakapowalazimu kutoka majini, na mwisho kama wachukue silaha.

Ndugu yangu, kipande kikubwa cha njia hiyo kinawezekana, kipande cha mwisho hakiwezekani kwa watu kama ninyi wala kama mimi, na kipande cha kwanza Stanley mwenyewe hakukipita kwa mtumbwi. Nakushauri uanze kwa kuacha kuufikiria Mto Kongo, ambao huku juu huitwa Lualaba, kama njia moja. Kati ya Nyangwe na Boma kuna mito mitatu yenye tabia tofauti kabisa, na anayejiandaa kwa mmoja huwa hajajiandaa kwa mingine.

Tuanze na mto wa kwanza, penye Nyangwe. Mji huo uko ukingo wa mashariki wa Lualaba, katika Maniema, na kabla ya Stanley ulikuwa umekwisha kuwakwamisha wasafiri wawili waliokuja na nia kama yako. David Livingstone alifika huko mwaka 1871, akakaa miezi akitafuta mitumbwi asiipate, na tarehe 15 Julai mwaka huo akashuhudia wafanyabiashara wenye bunduki wakiwaua mamia ya watu sokoni, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula. Verney Lovett Cameron alifika mwaka 1874, naye akakosa mitumbwi, akageukia nchi kavu hadi pwani ya Angola. Wenyeji hawakuwa na sababu ya kuwakabidhi wageni vyombo vyao, na baada ya mauaji yale mtu yeyote aliyeonekana kuandamana na watu wa pwani alihesabiwa kuwa adui. Mtu wa Kigoma anayezungumza Kiswahili ni vizuri alijue jambo hili kabla ya kufika, kwa maana lugha itakayokufungulia milango kote Maniema hadi Kisangani ilifika huko pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na wazee wa kule hawajasahau.

Stanley aliliepuka tatizo la mitumbwi kwa kuja na chombo chake. Boti yake, Lady Alice, ilijengwa Uingereza kwa vipande vinavyofunguliwa, ikabebwa mabegani na wapagazi kutoka Bagamoyo tangu Novemba 1874, ikazunguka Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, kisha ikabebwa tena hadi Maniema. Hata hivyo, alipoondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba 1876 hakuingia mtoni. Alikuwa amekubaliana na Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, amsindikize kwa kambi 60, na msafara ukaingia msituni kwa miguu, watu wakipita katika giza la mchana, wakiteleza kwenye tope, vipande vya boti vikikwama kwenye miti kila hatua. Ilikuwa tarehe 19 Novemba walipoufikia tena mto na kuiunga boti. Baada ya hapo kundi moja lilishuka kwa maji na jingine likaenda kandokando ya ukingo pamoja na Tippu Tip, huku ndui na ugonjwa wa kuhara damu vikiwamaliza watu kiasi kwamba mitumbwi iliyookotwa njiani ilifungwa pamoja na kugeuzwa hospitali inayoelea.

Habari za makubaliano hayo usizisome upande mmoja tu. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, yakachapwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na maelezo yake kuhusu safari hii, hasa kuhusu malipo aliyoahidiwa, hayalingani na ya Stanley. Mtu anayetaka kufuata njia hii bila kuyasoma maandishi hayo, tena yakiwa kwa lugha yake mwenyewe, atakuwa amejinyima ushahidi wa mtu aliyeijua nchi ile kuliko Mzungu yeyote wa wakati huo.

Waliachana mwishoni mwa Desemba 1876, mahali Stanley alipopaita Vinya Njara. Hapo ndipo safari ya mitumbwi ilipoanza kwa ukamilifu, ikiwa na watu wapatao 150, wanawake na watoto wakiwamo. Na hapa kuna jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka: sehemu kubwa ya mitumbwi hiyo haikununuliwa. Ilitwaliwa usiku kutoka kwa wenyeji baada ya mapigano, mingine ikarudishwa walipopatana, na iliyobaki ndiyo iliyoushuka Mto Kongo. Wewe utanunua, na utanunua kwa bei ya mgeni, jambo ambalo kwa maoni yangu ni haki.

Ushauri wangu kwa kipande hiki ni kwamba uitembelee Nyangwe kwa heshima, kwa barabara, kutoka Kasongo, lakini mtumbwi uanzie Kindu. Nyangwe ya leo ni kijiji. Mji ule wa masoko ulianguka mwaka 1893 katika vita kati ya majeshi ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, na Waarabu wa Maniema. Kutoka huko kwenda Kindu mto una sehemu tulivu na sehemu zenye mawe, na reli ya kutoka Kongolo hadi Kindu ilijengwa kwa sababu vyombo vya maji havikuweza kupita moja kwa moja. Kutoka Kigoma mtavuka ziwa hadi Kalemie kisha mtafuata nchi kavu. Treni za upande huo zipo, ila usizipangie tarehe. Msije mkashawishika kushuka kwa Mto Lukuga kwa sababu tu unatoka ziwani na kuingia Lualaba. Desemba 2010 Hendri Coetzee, Mwafrika Kusini aliyekuwa miongoni mwa wapiga kafi hodari kabisa wa mito ya Afrika, alichukuliwa na mamba katika mto huo akiwa ndani ya kayaki yake, na hakuonekana tena.

Kutoka Kindu hadi Ubundu ni kilomita 310 hivi za maji yanayopitika, na hapa ndipo mtakapojifunza kuusoma mto. Uzoefu wa ziwani utawasaidia katika nguvu za mikono na uvumilivu, lakini utawadanganya katika mambo mawili. Ziwani adui ni upepo, na nchi kavu ni usalama; mtoni mara nyingi ukingo ndio wenye hatari, kwa sababu maji yanakwenda kasi zaidi upande wa nje wa kona, yanachimba udongo, na miti iliyoanguka inalala majini matawi yakielekea chini ya mkondo, tayari kuupindua mtumbwi unaoletwa ubavu. La pili ni kelele. Ziwani mtu husikia mawimbi yakivunjika ufukweni na kujua umbali wake. Mtoni, mngurumo wa maporomoko humezwa na msitu na kona za mto, na ukishausikia vizuri huenda umekwisha ingia katika maji yanayovuta. Kwa hiyo, siku mtakayokaribia Ubundu shikeni ukingo mapema, na ulizeni kila kijiji umbali uliobaki.

Chini ya Ubundu yanaanza maporomoko saba ya Boyoma, ambayo wakoloni waliyaita ya Stanley. Yamesambaa katika kilomita zipatazo 100, na mto unashuka mita 60 hivi hadi Kisangani. Msafara wa Stanley ulitumia siku 22 hapo, kuanzia tarehe 6 hadi 28 Januari 1877, na namna walivyopita ni rahisi kuieleza ingawa ilikuwa ngumu kuifanya: walikata njia msituni kwa mashoka, wakatandika matawi chini, wakaiburuta mitumbwi ya magogo kwa kamba, huku wengine wakiwakinga dhidi ya mishale. Walikuwa na zaidi ya mikono mia moja ya kuvuta. Ninyi ni wanne.

Katika maporomoko hayo kuna kisa ambacho napenda kila anayeingia mtoni akijue. Mtumbwi mmoja uliponyoka ukasombwa, na mtu aitwaye Zaidi akabebwa hadi ukingoni kabisa mwa poromoko, ambapo chombo kiligonga ncha ya mwamba, kikapasuka, naye akabaki ameking'ang'ania kipande chake katikati ya povu, maji yakimpitia mabegani. Walisuka kamba za mitambaazi ya msituni, wakaziunga na kamba za mahema na za boti, wakateremsha mtumbwi mwingine kumfuata. Uledi, nahodha wa Lady Alice, na mwenzake Marzuki walijitolea kuingia ndani yake. Zaidi alirushiwa kamba akaishika, akatumbukia na kutoweka kwa muda, akavutwa hadi mtumbwini. Lakini kamba zilizoufunga mtumbwi na ukingo zikakatika, na wote watatu wakasukumwa kwenye kisiwa kidogo cha mwamba, wakalala hapo usiku mzima katikati ya mngurumo. Kesho yake kamba mpya zikafikishwa, wakavutwa mmoja mmoja hadi nchi kavu. Hao walikuwa watu wa Zanzibar na mrima, si mabaharia wa kulipwa kutoka Ulaya, na pasipo wao Stanley asingeandika kurasa zake.

Kwenu, Boyoma ni mahali pa kuuza mtumbwi. Uuzeni Ubundu, kisha pandeni treni ikiwapo, kwani reli ya kilomita 125 kutoka Ubundu hadi Kisangani ilijengwa kwa kazi hiyo hiyo. Ikiwa haipo, pikipiki huchukua abiria na mizigo kwa njia ya msituni. Mkifika Kisangani, kodini toleka, baiskeli ya abiria, mwende kwenye poromoko la mwisho mkawaone Wagenya wakivua. Wamesimika miti mikubwa kwa mtindo wa mafiga katikati ya maji yanayochemka, wamening'iniza mitego yenye umbo la pia ndefu inayotazamana na mkondo, na vijana wao hupanda na kushuka kwenye miti hiyo kama watu walio uani kwao. Tazameni miguu yao wanapopiga makafi. Husimama, mmoja nyuma ya mwingine, na makafi yao ni marefu yenye jani kama mkuki. Mtu aliyezoea kukaa huhitaji kujifunza upya, na mafunzo ya siku chache kwao yatawafaa kuliko kitabu chochote.

Mto wa pili unaanzia Kisangani hadi Kinshasa: kilomita zipatazo 1,730 pasipo poromoko hata moja. Hapa ndipo ndoto yenu inapoweza kutimia karibu sawasawa na safari ya 1877. Kutoka mwisho wa Boyoma hadi Malebo, mahali mto unapotanuka kama ziwa penye Kinshasa, Stanley alitumia siku 43, wastani wa kilomita 40 hivi kwa siku, pamoja na mapigano na njaa. Kundi la watu wanne wenye afya, wanaopumzika siku moja kwa juma, linaweza kwenda kwa wastani huo bila kujiumiza, kwa kuwa mkondo unafanya sehemu kubwa ya kazi.

Hatari ya kipande hiki ni upana wake. Mbali na kingo za Kisangani, mto unafunguka na kujaa visiwa, na mahali pengine upana wake unapita kilomita 10, hata mtu asijue kama ukingo anaouona ni bara au kisiwa. Ukichagua mkono usio sahihi unaweza kusafiri siku nzima bila kuona mtu, au ukafika mahali maji yamekufa na magugu maji yameziba. Kaeni upande mmoja wa mto na kuufuata kijiji kwa kijiji: Isangi panapoingia Lomami, Basoko panapoingia Aruwimi, kisha Bumba, Lisala, Makanza na Mbandaka. Basoko ndipo tarehe 1 Februari 1877 msafara ulipokutana na kundi kubwa la mitumbwi ya vita, na hapo Kiswahili kinaanza kuwapungukia. Kuanzia Kisangani kwenda magharibi, Lingala ndiyo lugha ya mto, na mtu asiye na maneno yake ya salamu, bei na njia atakuwa mgeni mara mbili. Chukueni mwenyeji mmoja wa Kisangani awe wa tano wenu, mlipeni kama nahodha, na mumsikilize kama nahodha.

Jambo la pili ni dhoruba. Karibu na mstari wa Ikweta, ambao mto huu unaukata mara mbili, mawingu hujikusanya mchana na upepo huja ghafla kabla ya mvua. Katika maji yenye upana wa kilomita kadhaa, mtumbwi wa gogo wenye ukingo wa chini hujaa katika dakika chache. Ondokeni alfajiri, maliza kazi kabla ya alasiri, na mawingu yakishakuwa meusi msijaribu kuvuka kwenda kisiwa cha mbele, hata kionekane kiko karibu kiasi gani. Usiku msisafiri kabisa. Matishari na boti kubwa za mbao hupita gizani, nyingi bila taa za kutosha, zikiwa zimejaa abiria, mafuta, magunia na mbuzi. Aprili 2025 boti moja ya namna hiyo ilishika moto karibu na Mbandaka na watu zaidi ya mia moja wakafa. Ajali za kupinduka husikika kila mwaka. Nasema hivi pia ili msidhani kuwa kuuacha mtumbwi na kupanda boti ya abiria ni kuhamia kwenye usalama.

Chini ya Mbandaka, mto ukishapokea Ubangi, ukingo wa kulia si wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tena, ni wa Kongo-Brazzaville, na hali hiyo inaendelea hadi Malebo. Stanley hakuwa na mpaka wa kuvuka, ninyi mnao. Mkilala ukingo wa kulia bila viza mtakuwa mmeingia nchi nyingine kinyume cha sheria, na askari watakaowakuta asubuhi hawatavutiwa na habari za mwaka 1877. Baada ya Bolobo visiwa hupungua, na kuanzia Kwamouth, panapoingia maji ya Kasai, mto unabanwa kati ya vilima na kwenda kwa nguvu hadi unapofunguka tena Malebo. Tokeni majini Maluku, juu ya Kinshasa. Msiingie Malebo wenyewe kutafuta bandari ya jijini, kwa sababu ng'ambo ya chini ya jiji maji huanza kuvuta kuelekea kwenye maporomoko.

Na sasa mto wa tatu, ambao ndio sababu hasa ya kuandika jibu refu namna hii. Kati ya Malebo na Matadi mto wote, unaopitisha kwa wastani mita za ujazo 41,000 hivi kila sekunde, unaingia katika bonde jembamba la mawe na kushuka mita 270 hivi katika kilomita zipatazo 350. Tazama hesabu: Stanley alifika Malebo tarehe 12 Machi 1877 na Boma tarehe 9 Agosti. Siku 150. Kipande kifupi kuliko vyote viwili vya juu kilimla muda mrefu kuliko Boyoma na mto mpana vikiunganishwa, na kilimla watu wake wa karibu. Tarehe 29 Machi mtumbwi uliombeba Kalulu, kijana ambaye Stanley alimchukua tangu safari ya kumtafuta Livingstone na kumfikisha hadi Uingereza, ulisombwa na kutumbukia katika poromoko, na hakuna aliyekuwamo aliyeokoka. Mitumbwi mingine ilipotea mtupu. Penye Mto Inkisi waliburuta vyombo juu ya mlima, kisha wakakata miti na kuchonga mitumbwi mipya badala ya ile iliyozama.

Tarehe 3 Juni ikaja siku ya Frank Pocock, Mwingereza wa mwisho aliyekuwa amebaki na Stanley. Viatu vilikuwa vimekwisha, miguu yake ilikuwa na vidonda, hakuweza kutembea na wenzake kwa nchi kavu, na hakutaka kubebwa. Mtumbwi ulipokaribia poromoko la Massassa, Uledi alishuka na kwenda kulitazama, akarudi na kusema kwamba halipitiki. Pocock akamjibu kwa namna ya kuwadhihaki wapiga makafi kuwa ni waoga. Waliposikia hivyo, walikubali kuingia. Kati ya watu 11 waliokuwamo, watatu hawakuibuka, na Pocock alikuwa mmoja wao, ingawa alikuwa mwogeleaji mzuri. Nimesoma maelezo mengi ya kifo hicho yanayozungumzia ujasiri wa kijana huyo. Mimi naona kwanza hukumu ya nahodha aliyekwisha kuuona mto kwa macho yake, ikatenguliwa na mtu aliyekuwa bado ameketi.

Usifikiri kwamba vifaa vya kisasa vimebadilisha mambo. Mwaka 1974 na 1975, karne moja baada ya Stanley, msafara mkubwa ulioongozwa na afisa wa jeshi la Uingereza, John Blashford-Snell, ulishuka na boti za mpira na boti zenye injini za nguvu, na bado kulikuwa na sehemu walizozizunguka kwa nchi kavu. Agosti 1985 Philippe de Dieuleveult, mtangazaji mashuhuri wa televisheni ya Ufaransa, alitoweka pamoja na wenzake karibu na maporomoko ya Inga, na mjadala wa nini kiliwapata haujakoma. Ilikuwa hadi 2011 ambapo kundi dogo la wapiga kayaki wa kiwango cha juu duniani, likiongozwa na Steve Fisher, lilipopita mawimbi ya Inga. Hao ni watu ambao kazi yao ya maisha ni maji ya namna hiyo, wakiwa na kayaki zilizofungwa kabisa. Mtumbwi wa gogo hauna nafasi hapo. Isitoshe, Inga kuna mitambo ya umeme, na eneo lake linalindwa. Mtu akikutwa huko na kamera bila kibali ataeleza mengi.

Kipande hiki kipiteni kama Stanley alivyolazimika kukimaliza: kwa miguu. Tarehe 31 Julai 1877 alifika Isangila, akaambiwa kuwa mbele kuna maporomoko mengine na kwamba Boma iko mwendo wa siku chache kwa nchi kavu, akaiacha Lady Alice juu ya miamba na kushika njia ya vilima. Ninyi mnaweza kwenda kwa basi kutoka Kinshasa kwa barabara ya Matadi, kuvuka daraja la Matadi, kisha kuitafuta njia ya Isangila na kuitembea kutoka hapo hadi Boma pamoja na mwenyeji anayesema Kikongo. Ni nchi ya vilima vya nyasi, yenye jua kali na maji machache kuliko mtu anavyodhania akiwa kando ya mto mkubwa namna hiyo. Msafara ulikuwa umekonda kwa njaa ulipopita huko. Penye kijiji cha Nsanda Stanley aliandika barua kwa mtu yeyote wa Boma ajuaye Kiingereza, na waliotumwa kuipeleka walikuwamo Uledi, Kacheche na Robert Feruzi, kijana aliyesoma shule ya misheni Zanzibar. Chakula kilirudi nao: mchele, samaki, viazi, tumbaku. Mkitaka kusimama mahali pamoja kuwakumbuka watu wa pwani waliofika bahari ya pili kwa miguu yao, simameni Nsanda kuliko penye sanamu lolote.

Kuhusu mtumbwi, nunueni wa gogo la mti mgumu, wa urefu wa mita 9 hadi 11, kwa watu watano na mizigo yao. Ukagueni ukiwa majini na mizigo ndani, si ukiwa mchangani. Tazameni nyufa upande wa tezi, ambako wauzaji huzijaza udongo na lami ili zisionekane. Pitisheni ukucha, na palipo laini pana kasoro. Muwe na upo wa kukumbia maji na wa akiba, upondo mrefu wa kusukumia kwenye maji mafupi, na makafi mawili zaidi ya idadi yenu. Mizigo yote ifungwe kwenye madumu yenye vifuniko vya kukaza na yafungwe kwa kamba kwenye mtumbwi, lakini watu wasijifunge kamwe. Jaketi za kujiokolea zivaliwe, si zikaliwe.

Mwezi mzuri wa kuanza Kindu ni Juni. Kusini mwa Ikweta ni kiangazi, na mto wa kati huwa chini kabisa Julai na Agosti, kwa hiyo michanga hujitokeza na kuwa mahali pa kupumzika. Mkichelewa hadi Novemba mtakutana na mafuriko. Januari 2024 maji yalipanda Kinshasa kwa kiwango ambacho hakikuonekana kwa zaidi ya miaka 60. Kwa kulala, afadhali kijiji kuliko mchanga mtupu. Mwendeeni chifu kwanza, mwelezeni safari, mpeni kitu kidogo, mnunue kwanga (mkate wa muhogo uliofungwa majanini), sombe na samaki wa kukaushwa kwa moshi. Mwenyeji akijua mmelala wapi, kiboko na mwizi wote watakuwa wageni wake pia.

Dawa za malaria mzianze kabla. Chanjo ya homa ya manjano na cheti chake ni lazima. Karibu na maporomoko kuna inzi wa usubi, na maeneo mengi ya mto yana mbung'o wa malale na maji yenye kichocho. Mkishapata homa au mkojo wa damu hata miezi kadhaa baada ya kurudi, mwambieni daktari mlikuwa wapi.

Karatasi ndizo zitakazowachosha kuliko makafi. Mbali na viza, pateni barua ya safari iliyogongwa mihuri Kindu na Kisangani, ikitaja majina ya wote, chombo na vituo, kisha mjitambulishe kwa maofisa wa uhamiaji katika kila mji kabla hawajawatafuta. Kila malipo yaombewe stakabadhi kwa upole. Vifaa vya setilaiti na kamera viandikwe kwenye barua hiyo. Tangu Goma na Bukavu zilipotekwa mwanzoni mwa 2025, maofisa wa upande wa mashariki wanawatilia shaka zaidi wageni wenye vifaa vya namna hiyo, na hali ya barabara za kuelekea Kindu inaweza kubadilika kwa juma moja, kwa hiyo habari za usalama zitafuteni kwa watu walioko Kalemie na Kindu wenyewe, siku mnazotaka kuondoka.

Swali lako la mwisho lilikuwa la silaha. Hapana, hata moja. Bunduki isiyo na kibali itawaweka ndani kwenye kizuizi cha kwanza, na panga mbili za kukatia kuni zinatosha.